Sangara na Ningu: Nani Alaumiwe?

Leo twataka kuwaeleza habari za samaki wawili. Mmoja ni sangara, ambaye kila mtu wa Kitaji na Musoma nzima amjua, kwa kuwa hamkosi sokoni. Wa pili ni ningu, ambaye wazee wa Bunda na Butiama humtaja kwa kumeza mate, bali vijana wengi hawajapata kumwonja.

Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu wa ualimu, watu wazima wanaotazamiwa kufundisha watoto wa nchi hii, "Ni nani aliyewapunguza ningu wa mto Mara hata wakawa haba?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Sangara!" Tukaona kwamba hukumu imekwisha kutolewa, wala hapana shahidi aliyesikizwa. Basi leo na tuifungue kesi hii tena, tuwasikize mashahidi kwa taratibu, maana mambo yaliyopita nayo yana mashahidi wake.

Kwanza na tumjue mshtakiwa. Sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Kwao ni mto Nile na mito mingine mikubwa ya Afrika, kama vile Niger na Kongo. Watu wa Misri ya kale walimheshimu mno. Katika mji wa Esna walimkausha baada ya kufa, wakamfunga sanda kama mtu, wakamzika. Naye ni samaki wa kuogopwa, kwani aweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Wavuvi wa mto Nile humtegea ndoana yenye samaki mdogo aliye hai, na akiisha kuimeza, mvuvi hana budi kushindana naye kwa muda mrefu.

Labda mtauliza: Ikiwa mto Nile hutoka katika ziwa letu pale Jinja, mahali alipofika Speke mwaka 1862, mbona sangara hakupanda kuja kwetu? Jibu ni maporomoko ya Murchison, katika nchi ya Uganda. Hapo mto wote hujibana katika mwanya wa futi 20 hivi, kisha huanguka chini zaidi ya futi 130. Hakuna samaki awezaye kuupanda ukuta huo wa maji. Sangara wakabaki chini yake, katika Nile na Ziwa Albert, na samaki wetu wakakaa juu kwa amani.

Sasa na tumtazame ningu. Huyu hukaa ziwani, lakini huzaa mitoni. Mto wetu wa Mara huanzia milima ya Mau katika nchi ya Kenya, hupita nyika za Wamasai na za Serengeti, huingia katika mabwawa ya mafunjo, ndipo humwagika ziwani karibu na Musoma. Mvua za masika zikinyesha, mto hufurika, na maji mekundu ya udongo huingia ziwani. Ningu wakiyaonja hujua kwamba wakati wao umefika. Hupanda mto kwa makundi, hutaga mayai katika majani yaliyofunikwa na mafuriko, kisha maji yakipungua hurudi ziwani.

Babu zetu waliyajua hayo yote. Walijenga uzio wa fito na matete katika maji, wakaacha nafasi, na katika nafasi hizo wakatega migono. Walipata samaki wengi, wakala, wakakausha, wakabadilishana na watu wa bara kwa nafaka. Lakini mafuriko yenyewe yalikuwa mlinzi wa samaki. Maji yalipozidi, uzio ulifunikwa au ulivunjika, ningu wengi wakapita. Kwa hiyo kila mwaka mvuvi alipata kitoweo, na mto ulibakiwa na mbegu.

Mambo yakabadilika reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kwa kuwa samaki wa ziwani alipata njia ya kwenda soko la mbali. Mwaka 1905 zikaletwa katika ghuba ya Kavirondo nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani. Samaki huingiza kichwa katika jicho la wavu, akitaka kurudi nyuma hunaswa kwa matamvua. Nyavu hizo zilienea ziwa zima upesi kama moto wa nyika. Kwanza ziliwashika ngege kwa wingi wa ajabu, lakini haikupita miaka mingi wavu uliokuwa ukitoa samaki makumi ukawa watoa wachache tu.

Mwaka 1927 alikuja mtaalamu mmoja Mwingereza, jina lake Michael Graham, akalipima ziwa na samaki wake hata mwaka 1928. Shauri lake lilikuwa hili: macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wadogo wapite, wakue, wazae. Serikali za nchi tatu zikalifanya shauri hilo kuwa sheria. Lakini katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaiondoa sheria hiyo, na wakati ule ule zikaja nyavu za nailoni, nyepesi na zisizooza upesi. Watu wakashuka kwenye macho madogo, kisha madogo zaidi. Nyavu zikatandazwa hata midomoni mwa mito wakati wa mafuriko, zikawakamata ningu wakiwa bado wana mayai tumboni. Mvuvi wa uzio aliwaachia wengi njia ya kupita. Mvuvi wa nailoni aliwafungia mlango kabla hawajaingia. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wamekwisha andika kwamba ningu wanapungua sana, na sababu waliyoitaja ni nyavu hizo.

Je, sangara alikuwa wapi? Alitiwa katika ziwa letu upande wa Uganda karibu na mwaka 1954, kwa mikono ya watu; tena mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa kwa makusudi. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alikuwa ameandika kuonya kwamba jambo hilo ni la hatari, lakini hakusikizwa. Hata hivyo, sangara walikuwa haba kwa miaka mingi. Walilijaza ziwa katika miaka ya 1980. Basi mtu hawezi kufungwa kwa wizi uliotendeka kabla hajaenea mjini.

Hatusemi kwamba sangara hana kosa. Aliwala furu, wale samaki wadogo wenye aina mamia, na aina nyingi zao hazikuonekana tena. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hutaka moto, na moto hutaka kuni, kwa hiyo miti ya pwani za ziwa ikakatwa. Ni kweli pia kwamba sangara alileta fedha. Viwanda vikajengwa Mwanza na Musoma, minofu ikasafirishwa Ulaya, watu wengi wakapata kazi na watoto wakalipiwa ada. Lakini mapanki, yaani kichwa na mifupa, ndiyo yaliyobaki kuwa kitoweo cha maskini. Na Ulaya ilipofunga mlango mwaka 1997, na tena mwaka 1999, mvuvi wa kwetu alitambua kwamba bei ya samaki wake hukatwa mbali naye.

Basi, ninyi wanafunzi, hukumu ni ipi? Sangara hakuvuka maporomoko ya Murchison kwa nguvu zake; watu walimbeba. Ningu hawakumalizwa na meno. Walimalizwa na macho ya nyavu. Na nyavu hizo hizo sasa zamgeukia sangara mwenyewe: huvuliwa watoto wasiotimiza sentimita 50, ambao hawajapata kuzaa hata mara moja. Mkisema "Sangara amewamaliza," mnajifariji tu, kwa maana samaki hawezi kuambiwa aache. Mkisema "Ni sisi," hapo kuna dawa, kwa kuwa sisi twaweza kuacha.

Masika ijayo, mto ukiwa mwekundu, nendeni kwa wazee mkawaulize jinsi mgono unavyosukwa na nafasi ya uzio ilivyoachwa. Mtaona kwamba ile nafasi haikuachwa kwa uvivu. Akiba haiozi.