Mlango wa Kisomo

Miongoni mwa watu wazima zaidi ya milioni 700 duniani wasiojua kusoma wala kuandika, karibu theluthi mbili ni wanawake. Mzigo huo haukugawanyika sawasawa. Katika Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani, wanawake na wanaume wanakaribia kulingana. Katika Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara, pengo lingali pana, na wanaoachwa nyuma ni wanawake.

Wapo waliodai kuwa pengo hilo ni la maumbile. Lesotho inawajibu. Huko, kwa vizazi vingi, wavulana walipelekwa milimani kuchunga ng'ombe na kondoo, na walipokua wakaenda kufanya kazi katika machimbo ya Afrika ya Kusini. Wasichana walibaki nyumbani, wakasoma. Ndiyo maana Lesotho wanawake wamewapita wanaume kwa kisomo. Kumbe asiyesoma ni yule aliyefungiwa mlango, awe mke au mume.

Pwani ya Waswahili nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake. Utendi huo ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa mkono kwa mkono, hata ukafika kwetu. Ni kweli kwamba mtunzi alikuwa wa nyumba ya utawala, na si kila msichana wa zama zake aliyepata fursa kama yake. Hata hivyo, mlango ulikuwapo, na wanawake kadhaa waliupita.

Serikali ya kikoloni ilipoleta shule zake na hati za Kirumi, ilianza na wavulana. Unguja, shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, takriban miaka ishirini baada ya ile ya wavulana. Mwanamke aliyesoma chuoni kwa hati za Kiarabu akajikuta mbele ya karani hana alijualo. Elimu yake haikupotea, ilikoma kuhesabiwa.

Mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Utotoni hakupelekwa shule. Sauti yake imebaki katika santuri, na wasifu wake ukaandikwa na Shaaban Robert. Ni bahati kubwa kupata mwandishi kama huyo. Lakini ni wanawake wangapi wa mashamba na visiwa waliotunga, wakaimba, wakafa, pasiwe na santuri wala mwandishi?

Mwana Kupona alimwachia bintiye maneno yake mwenyewe. Siti alihitaji kalamu ya mtu mwingine. Kwa kipaji, hakuna aliyempungukia mwenziwe. Walitofautiana kwa mlango tu. Na mlango hufungwa na watu, basi watu ndio watakaoufungua.