Ibada na Maradhi ya Kudumu: Hupimwaje?

Mtu aliyezoea swala ya jamaa anapatwa na ugonjwa wa figo. Sasa huswali kitandani, na siku ya kusafishwa damu hafiki msikitini kabisa. Je, ibada yake imepungua? Jibu lategemea swali aliloulizwa.

Wataalamu wa afya wametunga hojaji za kupima ibada za wagonjwa wa saratani, kisukari, presha na maradhi mengine yasiyopona upesi. Lengo si kumpima mtu ucha Mungu wake, bali kujua nini kinamtia nguvu, nini kinamwelemea, na ibada inakutana wapi na dawa zake.

Kuhudhuria si kuamini

Hojaji fupi inayotumika sana ni DUREL, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1997. Ina maswali 5. La kwanza lauliza mtu huhudhuria ibada ya pamoja mara ngapi. La pili, huswali au kusoma kitabu kitakatifu peke yake mara ngapi. Matatu yaliyobaki ni ya imani iliyo moyoni. Watunzi wenyewe wanashauri sehemu hizo tatu zisijumlishwe. Mgonjwa wetu wa figo atapata alama ndogo kwa swali la kwanza na kubwa kwa mengine. Ukijumlisha, umemdhulumu.

Ujerumani, Arndt Büssing na wenzake walitunga SpREUK-P, ambayo hupanua maana ya ibada. Pamoja na sala na kwenda kanisani, yauliza pia kuhusu kuwasaidia wengine na kuwa karibu na maumbile.

Imani inapoelemewa

Kenneth Pargament wa Marekani aliona kwamba dini yaweza kuwa faraja au mzigo. Hojaji yake fupi, Brief RCOPE, ina maswali 14: 7 ya kumtegemea Mungu, na 7 ya mtu anayehisi Mungu amemwacha au anamwadhibu. Utafiti wake wa 2001 ulifuatilia wagonjwa 596 wa umri wa miaka 55 na zaidi kwa muda wa miaka miwili. Waliokuwa na mvutano huo wa moyo walikuwa katika hatari zaidi ya kufariki.

Barani Afrika, chama cha tiba shufaa cha APCA kina hojaji ya maswali 10: 7 kwa mgonjwa na 3 kwa jamaa anayemuuguza. Pamoja na maumivu, mgonjwa huulizwa kama ana utulivu wa moyo na kama anaona maisha yana thamani.

Ramadhani na sukari

Hapa kipimo ni suala la uhai. Utafiti wa EPIDIAR wa 2001, uliohusisha watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari katika nchi 13, ulikuta kwamba karibu asilimia 79 ya wenye aina ya pili na asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza walifunga siku 15 au zaidi. Sukari kushuka vibaya kuliongezeka katika mwezi huo kwa makundi yote mawili.

Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa 2021 wa IDF na DAR humpa mgonjwa alama kabla ya Ramadhani: 0 hadi 3 hatari ndogo, 3.5 hadi 6 ya wastani, zaidi ya 6 kubwa. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa asifunge. Hukumu ya kulipa au kutoa fidya aulizwe shehe. Dawa na vipimo aulizwe daktari, na mapema.

Yasiyoulizwa

Hojaji za ng'ambo hazimuulizi mtu kama amekunywa kombe, amesomewa dua au amekwenda kuombewa. Mgonjwa naye hunyamaza, akichelea kukaripiwa. Lakini daktari asiyejua kwamba unafunga, au kwamba umeacha vidonge ukisubiri dua, hupanga tiba gizani.

Kwa hivyo usingoje hojaji. Ukienda kliniki, sema unafunga siku ngapi, umeacha dawa gani, na moyo wako uko vipi. Na wewe daktari, uliza kwa heshima. Mzee wa watu atakwambia.