Daka, Msana na Ndani: Sikukuu katika Nyumba za Mawe za Lamu

Ramadhani ikibakisha siku tatu, bibi yangu hakumwacha mtoto yeyote alale mchana. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha vyombo vya kwenye zidaka, zile tundu za ukutani zilizojaa chumba cha ndani kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Sahani za kauri, bakuli za maua ya buluu, mrashi wa fedha ulioingia weusi, vyote tulivishika kwa mikono miwili na kuvilaza juu ya mkeka. Tulivipanga safu kwa safu kama vilivyokaa ukutani, kwa kuwa kila chombo kilikuwa na kidaka chake na bibi alikuwa akivijua vyote. Akiona bakuli imehama nyumba alikuwa haulizi nani kaihamisha. Aliirudisha mwenyewe na kuendelea kufuta vumbi.

Wakati ule niliona ni usumbufu wa wazee. Leo, baada ya miaka mingi ya kusoma na kuandika habari za miji ya pwani, naamini kwamba zile siku tatu za kufuta vyombo zilinifundisha nyumba ya Lamu kuliko ramani yoyote niliyopata kuiona. Mji wetu wa kale umepimwa sana. Serikali ya Kenya iliuweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia, eneo lisilofika hata hekta 16. Wasanifu wamekuja na kamba zao, wakachora kuta na milango kwa ustadi wa kupendeza. Ila wengi wao hufika siku za kawaida, nyumba ikiwa imetulia, na nyumba hizi haziwezi kueleweka mpaka zionekane siku ya sikukuu. Zilijengwa zikiingojea.

Tuanze na miti. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na mikoko inayokatwa katika visiwa na vijito vya jirani, na wakataji huipa majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo ya dari. Ikitandazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili haiwezi kuvuka zaidi ya mita 2.5 au 3 hivi bila kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu yake. Basi upana wa chumba huamuliwa na mti, lakini urefu wake fundi huuamua apendavyo. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine, na kuta zake ni nene kiasi cha kuzuia joto la adhuhuri. Mawe yenyewe ni ya matumbawe. Yale ya nchi kavu hujengewa kuta. Yale yanayotolewa baharini yangali mabichi ni laini, huchongeka kwa urahisi kisha hukaza yakikauka, nayo hutumika mahali penye nakshi. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo.

Kwa vyumba hivyo vyembamba, mafundi wa karne ya 18, wakati mji ulipokuwa na mali ya biashara ya Uarabuni na Bara Hindi, walitengeneza mpango ambao kila Mwamu aliyekulia nyumba ya mawe anaujua gizani. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Ukivuka mlango unaingia tekani, na hapo njia inakata kona ili mpita njia asipate kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ua usio na paa, ambao ndio macho na pumzi ya nyumba yote, maana kuta za upande wa njiani hazina madirisha ya maana. Kutoka kiwandani unapanda kidaraja hadi msana wa tini, unapanda kingine hadi msana wa yuu, halafu ndani, chumba cha mwenye nyumba mwanamke, kilichovikwa zidaka na nakshi za chokaa. Sakafu hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoingia. Pembeni kuna choo chenye birika la maji, na ndani ya birika wazee walikuwa wakifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Daraja hizo hazikuwekwa kwa uzuri tu, kwani asubuhi ya Idi zilikuwa zikipanga watu. Wanaume waliotoka kusali walimkuta babu kakaa dakani, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama, na dele la kahawa liko mkononi mwa mjukuu mkubwa. Jirani wa mtaa wa mbali, mwenye duka, nahodha aliyefika jana, wote hao walisalimiana naye hapo, wakanywa kikombe kimoja au viwili, wakatakiana Idi njema na kwenda daka la pili. Mjomba na binamu walivuka tekani hadi msana wa tini, ambako mikeka ilitandikwa tangu usiku na mahamri, tambi za sukari na bokoboko vilikuwa vimeshawekwa. Mkwe alikaribishwa hatua moja zaidi. Ndani hakuingia mwanamume asiye wa nyumba. Sisi watoto ndio tuliokuwa na pasi ya kupita kote, na tuliitumia vizuri: tulianza dakani kukusanya mkono wa Idi, tukaishia ndani kuhesabiana sarafu juu ya kitanda cha bibi, huku moshi wa udi kwenye chetezo ukitupalia kooni.

Wageni wa kike hawakuja kwa njia ile, na hapa ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika ujenzi wa Lamu. Tazama juu unapopita vichochoro vya mtaa wa Mkomani, utaona baadhi ya nyumba zimeshikana angani kwa chumba kilichovuka njia, watu na punda wakipita chini yake. Huo ndio wikio. Baba aliyeoza binti alikuwa akimpa nyumba, na mara nyingi ilikuwa ya ubavuni, au orofa iliyoongezwa juu ya ile ya zamani, au ya ng'ambo ya kichochoro iliyounganishwa kwa wikio. Kwa hiyo mama, binti, dada na shangazi waliweza kukaa katika nyumba nne na bado wakawa chini ya paa moja, bila yeyote kushuka njiani. Siku ya Idi sinia zilipita humo tangu alfajiri. Nakumbuka moja hasa, sinia ya shaba yenye biriani, imefunikwa kawa lililosukwa kwa rangi nyekundu na kijani, imebebwa na shangazi aliyekuwa akitembea kwa ubavu kwa sababu wikio ule ulikuwa mwembamba. Alikuwa akipiga hodi kwa goti. Biriani ile haikuonja jua la njiani hata siku moja, nayo ilikula watu wa nyumba tatu.

Ilipikwa juu kabisa. Jiko la nyumba ya mawe liko kwenye kidari cha meko, darini, chini ya kibanda cha makuti, ili moshi upande zake na kuta zisiingie masizi. Mkesha wa Idi vidari vyote vya mtaa vilikuwa vinawaka moto, na kina mama waliazimana iliki na samli kutoka dari hadi dari, wakizungumza juu ya vichwa vya wanaume waliokuwa wakitembea vichochoroni bila habari. Ukitaka kujua mwezi umeonekana au la, ulikuwa unapanda huko.

Lakini haitakuwa haki kuzisifu nyumba hizi bila kutaja mikono iliyozibeba. Mali iliyochonga zidaka ilitoka kwa sehemu kubwa katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na watumwa wa nyumbani ndio waliokuwa wakipika na kuteka maji. Wengi hawakupata kuketi msana wa yuu. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba nyingi za Mkomani zilianza kukosa riziki ya kuzitengeneza. Upande wa kusini wa mji, Langoni, nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Waliishi humo waliokuwa watumwa, wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, wavuvi na wachukuzi. Hao walikuwa na sikukuu zao pia, ila hazikuwa na ukumbi wa mawe. Zilichezwa uwanjani, kwa ngoma.

Ni huko Langoni alikojenga makao yake Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija katika karne ya 19, mwenye asili ya Hadhramaut. Aliwafundisha Qurani na elimu watu ambao baadhi ya waungwana hawakutaka wafundishwe, na Msikiti wa Riyadha ukasimama katika mtaa ambao hapo awali haukuwa na heshima yoyote mbele ya Mkomani. Maulidi ilikuwa ikisomwa Lamu kabla yake, ndani ya misikiti na majumba, kwa utulivu. Yeye aliitoa nje. Alileta Maulidi ya Habshi, iliyotungwa na Sayyid Ali al-Habshi wa Seyun, ikasomwa kwa sauti za pamoja na kwa matari, mbele ya kila aliyetaka kuja. Wapo waliokasirika kusikia matari yakipigwa msikitini. Mimi naona kitendo hicho kilibadilisha mji kuliko jengo lolote lililojengwa Lamu tangu ngome ya Mkunguni, iliyomalizika mwaka 1821.

Maana ukiiangalia Maulidi ya Lamu kwa jicho la mjenzi, utaona ni Idi iliyogeuzwa nje ndani. Idi huanzia njiani ikaingia chumbani hatua kwa hatua. Maulidi huwatoa watu vyumbani. Kila Mfungo Sita wageni hufika kutoka Mombasa, Malindi, Unguja, Tanga na Komoro, na mji hauna nyumba za kulala wageni za kuwatosha. Basi misana hufunguliwa. Wakati wa utoto wangu tuliwahi kulaza watu ishirini na wawili, wengi wao hatukuwajua majina siku ya kwanza, na babu alilala dakani kwa hiari yake, akisema upepo wa huko ni mzuri. Mchana punda hushindana kwenye ukingo wa bahari, majahazi hushindana nje ya bandari, wazee huinamia bao, na wanawake hushindana kwa hina. Siku ya zefe watu hutoka kuzuru kaburi la Habib Swaleh, wakaingia mjini kwa safu, matari mbele, kanzu nyeupe kama mawimbi, na ukingo wa bahari wote huwa ni daka moja refu.

Mji ule leo una majeraha. Tangu miaka ya 1970 nyumba nyingi za Mkomani zimeuzwa kwa wageni kutoka Ulaya na kwingineko, na sina budi kukiri kwamba baadhi yao wamezitengeneza kwa mapenzi na kwa pesa ambazo warithi hawakuwa nazo. Nyumba ya kurithi yenye warithi kumi na wanne haina wa kuipaka chokaa. Hata hivyo nyumba iliyotengenezwa vizuri ikafungwa miezi tisa ya mwaka huwa na daka tupu asubuhi ya Idi, na wikio wake hufungwa kwa mlango wa mbao kwa kuwa ng'ambo si kwa shangazi tena. Nyingine zimeumizwa na wenyewe kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huuachia nafasi, saruji huuziba, na baada ya misimu michache ya masika lipu huvimba ikaanguka na vipande vya mawe. Fundi mmoja aliyekuwa akibandua lipu ya aina hiyo nyumbani kwetu alinionyesha jiwe lililogeuka unga. Alilisugua kati ya vidole mpaka likaisha, akafuta mkono kwenye msuli wake, akaniuliza kama bado tunajua pa kupata chokaa ya kuchoma.

Tulipata. Tuliipaka kuta za msana wa tini wiki ya mwisho ya Ramadhani, mimi na binamu zangu watatu waliokuja kutoka Mombasa, tukamaliza usiku wa kuandama mwezi tukiwa weupe hadi nyusi. Bibi alikuwa ameshafariki. Vyombo vyake viko kwa dada yangu mkubwa, na sahani tano tu ndizo zilizobaki katika zidaka zaidi ya thelathini. Asubuhi binti wa dada, mwenye umri wa miaka saba, alizishusha zote tano, akazifuta kwa kanga kuukuu na kuzirudisha. Moja aliiweka safu ya chini, mahali isipokaa. Mama yangu alimwacha amalize, akamshika mkono, akamwonyesha kidaka cha safu ya tatu upande wa kulia, na mtoto akapanda kwenye kitanda cha bibi ili akifikie.