Tangi la Kioo katika Nchi ya Magadi

Historia ya ufugaji wa samaki wa mapambo katika ukanda unaoanzia Kitengela, ukapita Isinya na Kajiado hadi mpakani Namanga, ni historia ya maji kabla ya kuwa historia ya samaki. Wamaasai waliishi kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na samaki hakuwa katika chakula chao wala katika mifugo yao. Tangi la kioo limekuja na miji, hasa Kitengela, ambako ranchi ya pamoja iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambako sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000.

Desturi yenyewe ilizaliwa London. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji kilichopandwa Vallisneria, mmea wenye majani marefu kama utepe ambao jamaa zake huota pia katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki. Majani yalipoanza kuoza, maji yalichafuka na mwani wa kijani ukatanda kwenye kioo, lakini alipotia konokono wa majini, konokono hao walikula uozo na mwani, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mmea hutoa oksijeni, samaki huivuta, kinyesi chake huwa mbolea ya mmea: hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila tangi lenye mimea hadi leo. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 kitabu cha Philip Henry Gosse kikaeneza mapenzi hayo katika nyumba za watu wa kawaida.

Hesabu ya Warington ilifanywa kwa maji ya London, na haihamishiki Kajiado bila kupimwa upya. Namanga hupata maji kutoka mlima Oldoinyo Orok, bomba la Nolturesh huteremsha maji ya chemchemi za Kilimanjaro, ilhali kaya nyingi za Kitengela hutegemea visima virefu ambavyo maji yake wakazi huyaita, kwa haki kabisa, maji ya chumvi. Mengi ya maji hayo ya visima yana bikaboneti nyingi, yaani chumvichumvi zinazoyavuta kuelekea upande wa magadi, na jambo hilo ndilo linaloamua ni samaki gani wataishi pamoja. Gapi, plati na moli, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na pande za kaskazini za Amerika ya Kusini, huyastahimili vizuri. Neoni wa Amazon, aliyezoea maji laini yenye asidi, hudhoofika humo. Kwa upande wa mimea, Vallisneria na Ceratophyllum zina uwezo wa kutumia kaboni iliyomo katika bikaboneti yenyewe, na kwa sababu hiyo hustawi pale ambapo mimea ya maji laini hudumaa.

Amonia ndiyo hatari kubwa zaidi, nayo hutoka kwa samaki hasa kupitia matamvua. Katika maji yenye asidi kidogo sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa, lakini kadiri maji yanavyozidi kuwa ya magadi ndivyo inavyogeuka kuwa sumu, na hivyo tangi la Kitengela linahitaji subira kuliko la mahali penye maji laini: mimea itangulie, bakteria wanaoibadili amonia wapewe majuma kadhaa ya kuota kwenye changarawe na chujio, kisha samaki waingizwe wachache wachache.

Kanuni hiyo ina kielelezo chake cha mwisho ndani ya kaunti hiyohiyo. Katika Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911 na reli ya kutoka Konza ikapitishwa Kajiado kuifikia, anaishi samaki mdogo ambaye George Albert Boulenger alimpa jina la kisayansi mwaka 1912, na ambaye leo huitwa Alcolapia grahami. Anaishi katika vidimbwi vya chemchemi za moto vyenye pH ya karibu 10, ambamo joto hufikia nyuzi 40 hivi, na oksijeni inapopungua usiku hupanda juu kuvuta hewa. Katika maji kama hayo amonia haiwezi kutoka mwilini kwa njia ya kawaida. Mwaka 1989 kundi la watafiti, akiwemo G. M. O. Maloiy wa Nairobi, lilionyesha katika jarida la Nature kwamba samaki huyu hutoa taka zake za naitrojeni kama urea, jambo la ajabu kabisa kwa samaki wa mifupa anayeishi majini muda wote. Samaki wa Kajiado mwenyewe, basi, hafai kamwe kuchanganywa na wageni wa tangi.

Kuhamisha viumbe vya majini kumeacha alama. Samaki wa Magadi alipelekwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu, naye akavuta makundi makubwa ya mwari katika ziwa lililojulikana kwa heroe. Gapi, aliyeenezwa kwa sababu hiyohiyo, ameweka makazi katika mito ya pande za Nairobi. Gugumaji, lililosafirishwa duniani kwa uzuri wa maua yake, lilikuwa limefika Naivasha na Viktoria kufikia mwaka 1990, na wavuvi wanalilipia mpaka sasa. Mwenye tangi Kitengela au Namanga asimwage kamwe samaki wala mimea yake katika Mto Athi, wala katika kijito cha Oldoinyo Orok. Anayechoka na tangi ampe jirani anayelitaka.