Herufi M Iliyopotea: Ulipe Kiasi Gani kwa Laptopu ya Gemu?

Usiku mmoja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nina milioni tatu na laki tano. Nichukue laptopu gani ya gemu?" Yuko mwaka wa pili, anasoma usanifu majengo. Mchana anataka kuchora majengo, usiku anataka kucheza. Nusu ya hela hizo ni bumu alilolibana mihula miwili, nusu nyingine mama yake kaitoa kwenye zamu yake ya upatu. Yaani hakuna jaribio la pili hapa. Akikosea, atakaa na kosa lake mpaka amalize chuo.

Ningeweza kumtajia modeli moja, tukalala. Ila mimi mwenyewe niliwahi kukosea, na nilikosea kwa sababu sikujua historia. Ndiyo, historia. Bei ya laptopu ya gemu huwezi kuielewa ukiangalia tangazo la leo tu. Inabidi urudi nyuma miaka kama 25, ufuatilie kitu kidogo sana: herufi iliyokuwa ikiandikwa mwishoni mwa jina la kadi ya michoro, kisha ikaondolewa.

Twende taratibu.

Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi iliyoitwa GeForce 256. Ilikuwa ya kompyuta za mezani. Kazi yake ilikuwa kuibebea prosesa mzigo wa hesabu za picha za pande tatu: kila kona ya ukuta, kila kivuli, kila mchezaji anayekimbia uwanjani ni rundo la hesabu zinazotakiwa kukamilika mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Mwaka uliofuata, 2000, ikaja ya laptopu, GeForce2 Go. Hilo neno "Go" lilikuwa na kazi. Lilikuambia kwamba hii ni ya kubeba, usiilinganishe na ile ya mezani.

Kuanzia kizazi cha 2007, "Go" ikaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na herufi M. Nayo ilikuwa herufi ya kweli. Chukua mfano wa mwaka 2014: kadi ya mezani ya GTX 980 ilikuwa na viini vya kukokotoa 2,048, na GTX 980M ya laptopu ilikuwa na 1,536. Hata asiyejua namba hizo aliiona M, akajua kuna kilichopunguzwa.

Kwa nini kipunguzwe? Si uchoyo wa kampuni. Ni joto.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye fizikia. Mwaka 1974 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, pamoja na wenzake walionyesha jambo zuri sana: ukizipunguza transista ukubwa, unaweza kupunguza na volti zake, hivyo eneo lilelile la chipu likabeba transista nyingi zaidi, zenye kasi zaidi, bila kuongeza joto. Kwa miaka kama thelathini tasnia nzima ilikula matunda ya kanuni hiyo. Kila baada ya muda mfupi kompyuta mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, na umeme haukupanda kwa kiwango cha kutisha.

Katikati ya miaka ya 2000 matunda yakaisha. Transista ziliendelea kuwa ndogo, lakini volti zikagoma kushuka, kwa sababu zikishuka sana umeme unavuja hata transista ikiwa imezimwa. Pentium 4 ya Intel ndiyo shahidi mzuri. Ilianza mwishoni mwa 2000 ikiwa na kasi ya gigahezi 1.4 na 1.5, ikapanda hadi 3.8 mwaka 2004, kisha ikagonga ukuta. Toleo la gigahezi 4 lililokuwa limepangwa likafutwa mwaka huohuo. Na kuna laptopu za gemu za wakati huo zilizowekewa prosesa za Pentium 4 zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Zilikuwa nene, nzito, na feni zake zilipiga kelele kama kinu cha kusaga mahindi.

Umeme unaotumiwa na chipu unaenda hivi: zidisha volti kwa volti, kisha zidisha kwa kasi. Tuseme unataka kasi ya asilimia 10 zaidi, na ili uipate inabidi upandishe na volti kwa asilimia 10. Piga hesabu: 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.33. Yaani umepata moja ya kumi ya kasi na umelipia theluthi moja ya joto. Sasa geuza. Punguza vyote kwa asilimia 20: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.51. Umepoteza moja ya tano tu ya kasi, na joto limepungua karibu nusu.

Shika hesabu hiyo ya pili. Historia yote iliyobaki imejengwa juu yake.

Agosti 2016 NVIDIA iliifuta herufi M. Kizazi cha GTX 10 kilikuwa kimepunguza matumizi ya umeme kiasi kwamba chipu ya GTX 1080 ya laptopu ilikuwa na viini 2,560, sawasawa na ya mezani. Kwa mara hiyo, kufuta M ilikuwa haki. Ila mwaka 2017 ikaja Max-Q, jina lililoazimwa kwa watu wa roketi: kwao ni ile hatua ambapo chombo kinachopaa kinakandamizwa na hewa kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Wazo lenyewe ni hesabu yetu ya 0.51. Chukua chipu kubwa, iendeshe polepole, iingize kwenye bodi jembamba. GTX 1080 ya mezani ilipangiwa wati 180, na ya Max-Q ilipewa kati ya 90 na 110. Hapo ndipo ROG Zephyrus ya ASUS ilipotoka na unene wa milimita 17.9, ikiwa na chipu hiyo ndani. Kwa kweli ulikuwa uhandisi mzuri.

Tatizo lilianza 2021, kwenye kizazi cha RTX 30. Safari hii hata neno Max-Q lilitolewa kwenye jina la kadi. Jina rasmi lilibaki na maneno "Laptop GPU" mwishoni, lakini kwenye tangazo na kwenye mdomo wa muuzaji maneno hayo mara nyingi hayafiki. Wewe unaambiwa "RTX 3060", basi. Kumbe RTX 3060 ya laptopu iliruhusiwa kupewa wati zozote kati ya 60 na 115, kwa uamuzi wa mtengenezaji wa laptopu. Jina ni moja, stika ni moja, lakini moja inakula umeme karibu mara mbili ya nyingine. Na RTX 3080 ya laptopu ilikuwa na viini 6,144, wakati ya mezani yenye namba hiyohiyo ilikuwa na 8,704.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Nilinunua kwa kuangalia stika. Nyembamba, nzuri, ina RTX 3060. Rafiki yangu alinunua yenye kadi ya jina hilohilo, nene kidogo na ya bei ndogo kuliko yangu. Tukafungua gemu moja, mipangilio ileile. Yake ilikuwa inateleza, yangu inajikokota. Nilihangaika wiki nzima nikidhani ni virusi. Kumbe yangu ilikuwa ile ya wati chache. Nililipa zaidi ili nipate kidogo, na hakuna aliyenidanganya waziwazi. Jina tu halikusema kitu ambacho herufi M ingesema.

Sasa turudi kwenye hela.

Mwaka 2011 Razer ilipotangaza Blade yake ya kwanza, laptopu nyembamba ya gemu, iliipangia dola 2,799 huko Marekani. Laptopu zenye RTX 2060 ziliingia mwanzoni mwa 2019 kwa bei ya kuanzia dola 1,499, na mwaka mmoja baadaye zilianzia 999. RTX 3060 nayo ilianzia 999 mwaka 2021. Mwaka 2023, kundi la RTX 4050, 4060 na 4070 likaanzia 999 pia. Mwaka 2025, RTX 5060 ikaanzia 1,099. Unaona? Mlango wa kuingilia umesimama pale pale, kwenye dola elfu moja hivi. Kwa hela yetu ni kama milioni mbili na nusu, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji.

Kilichopanda ni ghorofa ya juu. RTX 3080 ya laptopu ilianzia dola 1,999 mwaka 2021. RTX 5090 ya 2025 imeanzia 2,899. Na ukipanda huko, fizikia haipandi nawe. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728, na RTX 4060 ya laptopu ina 3,072, yaani zaidi ya mara tatu. Lakini kiwango cha juu cha wati ni 150 kwa ya kwanza na 115 kwa ya pili, ukiacha nyongeza za muda mfupi. Viini mara tatu vinagawana umeme uliozidi kwa chini ya theluthi moja, kwa hiyo kila kiini kinatembea polepole zaidi. Inaishinda 4060, tena kwa mbali, lakini si mara tatu. Pesa inapanda kwa ngazi ndefu, kasi inapanda kwa ngazi fupi.

Kuna jambo jingine ambalo video za mapitio za Ulaya hazikuambii. Chipu hutoa joto kwa kutegemea tofauti kati yake na hewa ya chumbani. Tuseme chipu yako haitaki kuzidi nyuzi 85. Chumba cha nyuzi 20 kinakupa tofauti ya 65. Hosteli ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 inakupa 55. Umepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wa kupoza kabla hujafungua gemu. Kwa hiyo wembamba unaolipiwa hela nyingi huko kwenye baridi, huku kwetu unalipiwa mara mbili: mara moja dukani, mara nyingine kwenye kasi.

Na betri? Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu betri hadi wati-saa 100 bila kibali maalumu, ndiyo maana hata za laptopu kubwa huishia karibu na hapo. Mashine inayokula wati 150 ingeimaliza kwa dakika 40. Ndiyo maana nyingi hujipunguza nguvu zenyewe ukichomoa chaja. Umeme ukikatika, gemu nalo limekatika. Usiongeze hela eti kwa sababu ya betri ya kuchezea.

Basi nilimjibu hivi mdogo wangu.

Kwanza, tafuta daraja la kati, zile kadi zinazoishia na 60, zenye gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kadi. RTX 4050 ya laptopu ina 6, na kazi zako za usanifu zitakapokua utaiona hiyo 6 ni ndogo.

Pili, uliza wati kabla ya kuuliza rangi. Kama muuzaji hajui, mwombe uiwashe, ufungue programu ya mipangilio ya NVIDIA, sehemu ya taarifa za mfumo. Kwenye laptopu nyingi za miaka hii utaona wati za juu za kadi. Ikishindikana, chukua chaja usome nyuma yake: zidisha volti kwa ampea. Volti 20 kwa ampea 7.5 ni wati 150. Volti 19.5 kwa ampea 11.8 ni 230. Chaja haiwezi kutoa umeme isiokuwa nao, kwa hiyo chaja ndogo kwenye laptopu yenye jina kubwa ni dalili mbaya.

Tatu, hela iende kwenye kadi kwanza. Leo kadi ya laptopu nyingi imechomelewa kwenye ubao, unayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Ramu na diski kwenye modeli nyingi za gemu unaweza kuongeza mwakani, bumu likitoka, ila hakikisha kwanza kuna nafasi.

Nne, ukishapata hivyo, simama. Hata kama imebaki laki nne mfukoni, usiitafutie ngazi ya juu.

Akanijibu: "Kaka, kwa hiyo ile nyembamba nyeusi niache?" Nikamwambia asome kwanza chaja. Baada ya siku mbili akatuma picha ya mgongo wa chaja, imeshikwa juu ya kaunta ya duka, Kariakoo. Volti 20, ampea 11.5. Nikazidisha, nikamwandikia: "Chukua." Iliyobaki alimrudishia mama yake.