Mchovu aliyegeuka mwovu

Kama umewahi kuzika mtu ambaye ukoo wake umechanganya madhehebu, umelisikia hili. Baba Yetu inaanza kwa sauti moja kando ya kaburi, inapishana kidogo hapa na pale, halafu karibu na mwisho watu wanaachana kabisa: Wakatoliki wanaomba waopolewe maovuni, Walutheri na Waanglikana wanaomba waokolewe na yule mwovu. Hawa wanakimbia jambo, wale wanamkimbia mtu. Hakuna mfasiri aliyesinzia hapo. Lawama, kama ipo, ni ya neno moja la Kigiriki, poneros, ambalo lilipoanza halikuhusu shetani wala dhambi. Lilihusu kazi.

Mzizi wake ni ponos, kazi ya sulubu, ile ya kutoa jasho na kuvunja mgongo. Katika ukoo huo huo wa maneno yumo penia, umaskini. Poneros basi alikuwa mtu aliyelemewa, mtu wa kuhurumiwa. Katika vipande vya mashairi ya kale vinavyohusishwa na Hesiod, Heracles, yule shujaa wa kazi 12, anatajwa kuwa poneros kupita wote na papo hapo kuwa bora kupita wote. Msikilizaji wa wakati ule hakuona kioja. Aliyebeba mengi ndiye aliyesifiwa.

Wanasarufi wa Kigiriki wa karne za baadaye, walipoona neno lina sura mbili, walitaka kuzitenganisha kwa mkazo: ukikaza silabi ya kwanza, huyo ni mtu aliye taabani, ukikaza ya mwisho, ni mtu mbaya. Mswahili hawezi kuwacheka. Barabara tunayopita na barabara yenye maana ya sawasawa, kwenye maandishi ni pacha. Ni mkazo tu unaozitenga.

Jasho linageukaje kuwa uovu? Twende Athens, karne ya 5 KK. Wenye mashamba na majina ya ukoo walijiita chrestoi, watu wa maana, watu wanaofaa. Umma uliobaki waliuita poneroi. Kipo kijitabu cha siku hizo kuhusu utawala wa Athens, kilichohifadhiwa pamoja na maandishi ya Xenophon ingawa aliyekiandika hajulikani. Mwandishi wake anafungua kwa lalamiko: Waathens wamejichagulia mfumo unaowafaa poneroi kuliko watu wa maana. Hajamaliza kununa, anakiri kwamba ni haki yao, kwa sababu hao maskini ndio wanaovuta makasia, na nguvu ya mji ni merikebu zake. Matusi ya wanasiasa tumeyazoea. Tusi linalokiri kwamba anayetukanwa ndiye anayeendesha chombo, hilo ni adimu.

Mwaka 424 KK mchekeshaji Aristophanes alilipandisha neno jukwaani katika mchezo wake wa Wapanda Farasi, ulioshinda tuzo ya kwanza katika tamasha la Lenaia. Watumwa wawili wanamkamata muuza soseji na kumwambia atautawala mji. Maskini anashangaa: mimi, muuza soseji? Anajibiwa kwamba ndiyo sifa zenyewe: yeye ni poneros, ni mtoto wa sokoni, tena mkavu wa macho. Bado wanaingiwa na wasiwasi, wanamuuliza isije ikawa ametoka ukoo bora. Anaapa kwa miungu kwamba hapana, ni poneros aliyezaliwa na maponeros. Wanampongeza. Shabaha ya mzaha ilikuwa Cleon, kiongozi mwenye kipaji cha maneno ambaye mali yake ilitokana na ngozi na si mashamba ya mababu. Watazamaji walicheka, na wengi wao, tukumbuke, walikuwa wavuta makasia.

Karne iliyofuata neno lilikuwa limekwisha hamia kwenye maadili. Aristotle, akimweleza mtu anayejua lililo jema ila akashindwa kujizuia, anasema huyo si poneros kamili, ni nusu tu. Hapo hakuna tena habari ya kazi wala ufukara. Ni nafsi inayopimwa.

Mwaka 1887 mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche aliokota maneno ya namna hii, poneros likiwa mojawapo, kuonyesha kwamba lugha ya maadili ilitungwa na mabwana. Mengi aliyoyajenga juu ya hoja hiyo siyakubali, lakini kuhusu neno hili hakukosea, na ushahidi hauhitaji Kigiriki. Sikiliza vijana wa Dar es Salaam. Gari bovu limechoka, nyumba iliyobomoka imechoka, na jamaa asiye na kitu naye kachoka. Mchovu, aliyekuwa tu mtu aliyemaliza nguvu, kwa mtaa ni mtu asiye na thamani. Bado hajawa mwovu. Wagiriki walimalizia hatua hiyo.

Wayahudi wa Misri walipoanza kuifasiri Torati kwa Kigiriki, karne ya 3 KK, walilichukua neno likiwa limekwisha komaa. Katika ule mti wa bustani ya Edeni, upande wa mabaya umeandikwa poneros. Injili ya Mathayo ikalitumia kila mahali: kwa matunda mabaya, kwa kizazi kibaya, na kwa jicho. Jicho poneros ni msemo wa Kiebrania uliovishwa Kigiriki, nasi hatuna haja ya maelezo marefu, tunacho kijicho. Unatokea katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, wale wa alfajiri waliolipwa dinari moja sawa na walioajiriwa saa kumi na moja, kwa saa hizi hizi zetu za kuhesabu tangu jua linapochomoza. Mmoja wa waliolalamika anaulizwa kama jicho lake ni poneros. Yaani aliyebeba joto la mchana kutwa ndiye anayeulizwa swali hilo, kwa neno lililozaliwa na sulubu.

Na ile sala? Kigiriki kiliweza kunyamaza. Umbo tou ponerou ni lile lile, uwe unasema mtu au unasema jambo. Yohane Chrysostom, aliyehubiri kwa Kigiriki, alimwona shetani. Agostino, aliyesoma Kilatini, aliona maovu, ingawa a malo ya Kilatini nayo haisemi. Kiswahili hakina pa kujificha. Kivumishi -ovu hakisimami bila ngeli: ama ni m- ya mtu, ama ni u- au ma-. Mfasiri hulazimika kuamua kabla ya kuandika silabi ya kwanza.

Ugiriki ya leo neno bado lipo, likitamkwa poniros. Ponos sasa ni maumivu, ya jino au ya kichwa. Poniros wa mtaani ni mjanja. Katika hadithi za watoto ndiye mbweha, pale ambapo sisi tungemweka sungura. Lakini Jumapili kanisani Wagiriki wanaisali Baba Yetu kwa neno lile lile la zamani, na hakuna anayelazimika kusema kama ni mtu au ni jambo.