Kaburi la Mwalimu wa Kwaya



Kamati iliponipa kazi ya kuandika ukurasa huu wa historia, nilidhani ningeimaliza kwa jioni mbili. Kwaya yetu inatimiza miaka 50. Madaftari ya mahudhurio yapo katika kabati la ofisi ya kanisa, picha zipo, na wazee wetu bado wana kumbukumbu. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye orodha ya wenzetu waliolala. Nilihesabu 23. Kati yao, wanne hawakuwa na majina kamili. Katika daftari moja imeandikwa tu "Mama Besi", mstari mwekundu umepigwa juu yake, na pembeni mtu ameandika "amelala". Basi.

Nitarudi kwa Mama Besi. Kwanza naomba tutazame jinsi watu wa mahali pengine walivyowalilia waimbaji wao, kwa maana katika historia hiyo nimeona jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Tunavyowalilia waimbaji

Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa Septemba 2007, habari zilipokuja kwamba Angela Chibalonza, yule dada kutoka Kongo aliyetuimbia "Ebenezer", amefariki katika ajali ya barabarani hapa Kenya. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Matroni alisikia kwenye redio yake akatuambia wakati wa chakula cha jioni. Hakuna aliyetoa amri. Msichana mmoja alianzisha wimbo, meza ya pili ikaitikia, na baada ya dakika chache bwalo zima lilikuwa likiimba. Hatukuwa tumemwona hata siku moja, lakini tulilia kama watu waliofiwa nyumbani. Na kwa kweli tulikuwa tumefiwa nyumbani. Sauti yake ilikuwa imeingia katika nyumba zetu, imekaa nasi arusini na matangani, imewafariji mama zetu walipokuwa wakiugua.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mahalia Jackson, mwimbaji mkuu wa nyimbo za Injili nchini Marekani, alipofariki Januari 1972, watu wapatao 50,000 walipita mbele ya jeneza lake mjini Chicago. Katika mazishi yake Aretha Franklin aliimba "Take My Hand, Precious Lord". Wimbo huo una historia yake. Thomas Dorsey, kiongozi wa kwaya huko huko Chicago, aliutunga mwaka 1932 baada ya kumpoteza mkewe na mtoto mchanga kwa wakati mmoja. Mahalia mwenyewe aliuimba katika mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Miaka minne baadaye ukaimbwa kwa ajili yake. Wimbo uliozaliwa katika msiba wa mtu mmoja ukawa wa kuwazika wengine.

Wazee wetu nao wanakumbuka 12 Oktoba 1989, siku aliyofariki Franco Luambo wa Zaire. Hakuwa mwimbaji wa kanisani, lakini nchi yake ilitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ya taifa ikawa inapiga nyimbo zake.

Hivyo ndivyo umati unavyolia, na ni vizuri. Lakini umati hurudi nyumbani. Baada ya wiki moja foleni imekwisha na redio imerudia ratiba yake. Ni nani anayebaki na kazi ya kukumbuka?

Biblia inatupa jibu mahali ambapo wengi hatupasomi. Katika 2 Mambo ya Nyakati 35:25, baada ya kifo cha mfalme Yosia, tunaambiwa kwamba Yeremia alimwombolezea, na kwamba waimbaji wote, wanaume kwa wanawake, waliendelea kumtaja katika maombolezo yao, na maneno hayo yakaandikwa. Yaani waliimba, wakaendelea kuimba, na wakaandika. Sisi wanakwaya tunajua sana kuimba. Hilo la kuandika ndilo hutushinda.

Mwalimu Enoch Sontonga

Hapa nataka kuwaeleza juu ya mwalimu mmoja wa kwaya. Alizaliwa mwaka 1873 hivi huko Uitenhage, Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa, mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya ya shule hiyo. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa katika daftari la kawaida, kama tunavyofanya sisi.

Mwaka 1897 alitunga wimbo mfupi, ubeti mmoja na kiitikio, wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mmethodisti. Ni "Nkosi Sikelel' iAfrika". Tarehe 18 Aprili 1905 mwalimu huyu alifariki, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Hapakuwa na foleni ya maelfu, wala siku za maombolezo za kitaifa.

Wimbo haukuzikwa naye. Kwaya nyingine ziliuchukua. Tarehe 8 Januari 1912, mjini Bloemfontein, uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti. Jirani zetu wa Tanzania wanauimba kama "Mungu ibariki Afrika", wimbo wao wa taifa. Zambia walichukua sauti hiyo hiyo wakaipa maneno yao. Hapa kwetu pia, ni kwaya gani ya shule isiyoujua?

Lakini mwenye wimbo alipotea. Daftari lake liliazimwa na viongozi wa kwaya nyingine, likapita mkono hadi mkono, mwishowe likawa mali ya mtu mmoja wa ukoo wake, na mpaka leo halijapatikana. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki ya wimbo huo kwa peni sita tu. Kaburi nalo halikujulikana lilipo. Watafiti walipoanza kulitafuta katika miaka ya 1990, walihangaika sana, na sababu mojawapo ilikuwa ndogo mno: katika kitabu cha makaburi hakuandikwa Sontonga. Aliandikwa kwa jina lake la kwanza tu, Enoch.

Ndugu zangu, niliposoma hayo nililifunga daftari letu kwa muda. Karani mmoja aliandika nusu ya jina, labda kwa haraka, labda kwa kuona inatosha, na mtu ambaye bara zima linaimba wimbo wake akapotea kwa miaka 91.

Hatimaye kaburi lilipatikana. Tarehe 24 Septemba 1996, siku ambayo Afrika Kusini huadhimisha urithi wake, Rais Nelson Mandela alifika Braamfontein, akazindua jiwe la ukumbusho, na kaburi likatangazwa kuwa mnara wa taifa. Wahenga walisema kawia ufike. Mwalimu yule alililiwa kwa heshima na watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipofariki.

Mama Besi wetu

Sasa nirudi nyumbani. Nimezungumza na wazee watatu wa kwaya, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wamenieleza mambo yale yale. Katika miaka ya 1980 wanaume walipokuwa wachache, mama mmoja alihama kutoka alto akaenda kusimama na besi, na sauti yake ikajaza kanisa. Ndiye aliyewafundisha solfa wale ambao hawakuwa wamesoma sana, akiandika migongoni mwa kalenda za zamani na kuzitundika ukutani. Na wote watatu wameniambia kwamba wimbo tunaoingia nao kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni utungo wake. Kwenye kanda yetu ya kwanza imeandikwa tu: "Mtunzi: Kwaya".

Niliwauliza kwa nini hawakusema. Mmoja akanijibu, "Mwalimu, nilidhani mnajua."

Kuna jambo jingine, nami nimeomba ruhusa ya kamati kuliandika. Mama Besi alifariki Agosti 2012, wiki ambayo tulikuwa tumepanga kurekodi video. Studio ilikuwa imelipiwa na basi limekodishwa. Baada ya mazoezi ya Jumatano tulifanya kikao, tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Tuliamua kwenda kurekodi. Kwenye mazishi tukatuma wawakilishi wawili na bahasha ya mchango, tukasema kwaya nzima itaenda baadaye kumwimbia kaburini. Hatukwenda. Nilikuwa mgeni katika kwaya, sauti ya alto, lakini mkono wangu nilinyoosha kama wengine. Na wimbo wa kwanza tuliorekodi Jumamosi ile, saa zile zile alipokuwa akizikwa, ulikuwa wake.

Siandiki haya ili kumlaumu yeyote wakati wa sherehe. Studio ilikuwa ghali na pesa zilikuwa za harambee ya washarika. Lakini jubilii ya Biblia ilikuwa pia mwaka wa kurudisha kilicho cha mwenyewe. Hatuwezi kuimba miaka 50 ya neema huku tukiwa na deni hili.

Tuliyoyafanya, na tunayoyaomba

Mwezi Machi nilienda na wazee wawili hadi nyumbani kwa Mama Besi. Binti yake alitupokea vizuri, akatukaribisha chai. Alituonyesha kaburi lililo nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, nyasi zimekatwa. Alikuwa amelitunza peke yake. Nilipomweleza kwamba tumekuja kuuliza jina kamili la mama, alinyamaza, halafu akaingia ndani akaleta kalenda mbili. Migongoni mwake, kwa kalamu ya wino wa bluu, kuna solfa ya wimbo wetu, sauti zote nne, na tarehe. Sahihi yake iko chini. Hakutaka kutupa kalenda zenyewe, naye ana haki. Alituruhusu tuzipige picha, na picha moja iko katikati ya kijitabu hiki.

Jina lake kamili mtalisoma katika ukurasa wa Waliotutangulia, namba 9. Kuanzia Jumapili hii, wimbo wa kuingilia utatangazwa kwa jina la mtunzi wake.

Kati ya wale wanne tumewapata watatu. Wa nne ameandikwa "Mzee wa Kinanda", na daftari linaonyesha alihudhuria mazoezi tangu 1978 hadi 1983. Hatujui alizikwa wapi. Kama ulisimama karibu naye, kama baba yako alimtaja, kama una picha ya zamani ambayo yumo, tafadhali niletee. Tumeacha mistari mitupu katika ukurasa wa mwisho. Andika jina lote, la ubatizo na la ukoo, na kijiji. Ukikosea tutasahihisha pamoja.

Jumamosi inayofuata baada ya sherehe, basi litaondoka hapa kanisani saa moja asubuhi kwenda nyumbani kwa Mama Besi. Binti yake ameomba tuje na sare. Tutaimba wimbo wake sauti zote nne, halafu tutamruhusu yeye aseme kama deni limelipwa. Wale walionyoosha mikono mwaka 2012, naomba tusikose.

Bwana awabariki, na jubilii njema.

Katibu wa Kwaya